Rangi ya Kucha Katika Koti la Shemasi

Peris aliikuta chupa ile Jumamosi asubuhi, maji yakiwa tayari kwenye karai na koti la mumewe likiwa mkononi. Hakuwa mtu wa kufua kabla ya kupapasa mifuko, maana mwaka uliopita alikuwa amefua kitambulisho chake mwenyewe kikatoka hakina uso. Mfuko wa ndani ulikuwa na kitu kigumu. Alipokitoa akaona ni chupa ndogo ya rangi ya kucha, nyekundu, iliyotumika hadi nusu.

Alisimama nayo. Kanisani kwao mwanamke hapaki kucha. Yeye hakuwahi kupaka, na binti zake watatu walijua kwamba atakayepaka atalala nje.

"Hodi hapo! Mama Viola, naomba chungio." Edinah alikuwa ameshapita lango kabla ya kujibiwa.

Peris alikunja kiganja, lakini alichelewa.

"Unaficha nini?"

"Si kitu."

"Si kitu, na umesimama hivyo kama umeona nyoka?"

Edinah alikuwa jirani yake hapa Kibabii, tena katibu wa chama cha akina mama kanisani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu asiyeweza kupata usingizi bila kujua mwisho wa jambo. Alikifungua kiganja cha Peris kidole kwa kidole, akaitazama chupa, akashusha sauti.

"Imetoka wapi?"

"Kwa koti ya Baba Viola."

"Ile anaenda nayo Kitale?"

"Kwani ako na koti ngapi?"

Wabwile alikuwa karani wa ghala la mahindi kule Kitale. Jumatatu aliondoka, Ijumaa alirudi, na Jumapili alikuwa shemasi. Ndiye aliyezungusha kikapu cha sadaka, amevaa koti lili hili, na watu walipenda namna alivyotembea bila kumtazama mtu ametia ngapi.

"Papasa zote," Edinah alisema. "Ukianza kujua, jua yote."

Katika mfuko wa pembeni mlikuwa na karatasi ya kung'aa, ile inayokaa ndani ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri mara nne. Edinah aliinusa akakunja pua. Kutoka kwenye pindo la suruali yake likadondoka gurudumu jeusi lenye mduara mweupe, dogo kuliko kifungo cha shati. Lilibingirika kwenye jiwe la kufulia, Edinah akalizuia kwa kidole.

"Sasa, dada, wewe pigia tu mwenyewe hesabu. Rangi ni ya mwanamke. Sigara inakwambia ni mwanamke wa aina gani. Na hii hapa ni ya mtoto. Tena si msichana. Msichana hanunuliwi gari."

"Unaenda mbio sana, Edinah."

"Mimi naenda mbio? Huu ni mwaka wa tohara. Kama huyo kijana amefika umri, Agosti atakuja hapa na kengele zake mkononi, akicheza, na wajomba nyuma. Utamfukuza kwa boma ya baba yake? Na wewe uko na wasichana watupu."

Kwao vijana hutahiriwa kila mwaka wa pili, wakishazunguka kwa jamaa na kengele za kualika, na huo wa 2006 ulikuwa mmojawapo. Kijana hutahiriwa nyumbani kwa babake, hata kama hakuzaliwa humo, na akishatahiriwa hapo hakuna tena wa kumwambia shamba si lake. Shamba lenyewe lilikuwa ekari mbili. Peris alilitazama, mahindi yakiwa yamefika magotini, akaona kama mtu amesimama katikati yake.

"Usimwambie mtu," alisema.

"Mimi? Nitaomba tu," Edinah alijibu.

*

Mchana huo Peris alipakua ugali na kunde, akangoja mumewe amege matonge mawili matatu.

"Baba Viola, kule ghalani mnatumia rangi?"

"Rangi gani?"

"Nyekundu."

Wabwile aliliweka tonge chini. "Ya kuandika magunia."

"Kwa chupa kama kidole?"

"Ni... yale magunia machache."

Binti mdogo alicheka. Babake hakucheka, wala hakumaliza chakula, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata mwaka wa njaa. Baadaye Peris, akiwa kwenye dirisha la jikoni, alimwona akienda polepole hadi kwenye kamba ya nguo. Aliangalia huku na huku, kisha akaliminya koti lililolowa, mfuko baada ya mfuko.

Kesho yake kanisani, kikapu kilipofika mbele ya Peris, hakutazama kikapu. Alitazama mkono uliokishika. Pembeni ya ukucha wa kidole gumba kulikuwa na mstari mwekundu ambao sabuni haikuutoa. Midomo ya Peris ilisema amina pamoja na wengine, lakini moyoni hakuisema.

Jumatano ikaja barua kutoka kwa Mzee Mukhisa, mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Shemasi Wabwile na mkewe walitakiwa ofisini Jumapili baada ya ibada kuhusu jambo lililosikika.

"Ulisema utaomba!" Peris alimwambia Edinah getini kwake.

"Na niliomba. Kwani nikiomba kwa chama, akina mama watafunga masikio?"

Alhamisi Peris alivaa leso mbili, akaacha ufunguo kwa binti mkubwa, akaenda Kitale bila kumwambia mtu.

*

Miaka sita mumewe alikuwa amepanga chumba kule, na Peris hakuwahi kukiona. Kila mara Wabwile alimwambia mahali penyewe ni matope, tena hakuna pa kukaa. Alikipata kwa kuuliza: ploti ya vyumba nane nyuma ya soko, ukuta wa mabati, mfereji mmoja katikati. Mwanamke mnene aliyekuwa akichambua omena alimtazama kuanzia viatu.

"Unatafuta?"

"Wabwile. Wa ghala."

"Yule wa kufunga mlango! Na wewe ni nani yake?"

"Mke."

Yule mwanamke, Bilha, ndiye aliyeangalia ploti kwa niaba ya mwenyewe. Alisukuma kigoda kwa mguu. "Kaa. Hata sisi tulikuwa tunashangaa kama ako na mke. Mtu anatoka kazi, anafunga mlango, anafunga dirisha. Mshumaa unawaka mchana. Halafu harufu! Mwanzo nilidhani ananusa gamu ya kubandika, kama watoto chokoraa wa stendi. Nikamwambia mzee, hapa kuna watoto. Akaniambia ni dawa ya viatu. Viatu gani? Ako na jozi moja."

"Kuna mtu anakuja kwake?"

Bilha aliangalia omena zake. "Mimi sipendi maneno."

"Sema tu, mama. Nimetoka mbali."

"Kuna mwanamke wa Kiislamu. Kila Alhamisi. Anakuja na kitu amefunika kwa mtandio, anaingiza, anatoka mikono mitupu. Leo si ni Alhamisi?"

Peris alikaa. Alihesabu pumzi zake akimwomba Mungu asimruhusu kupiga mtu. Jua lilipokuwa utosini mwanamke akaingia ploti, mrefu, mtandio wa buluu, kifurushi kwapani. Peris alimtazama vidole kwanza. Kucha zilikuwa na hina.

"Wewe ndio unakuja kwa Wabwile?"

"Ndiyo, mama. Naitwa Nimo."

"Mimi ndio mke wake."

Nimo aliangua kicheko. "Alhamdulillahi! Basi ongea na yeye. Mwambie aache kunichagulia. Mimi nauza mitumba ya vitu vya watoto, vinakuja kwa marobota. Nikipata kizima nampelekea, anakataa. Anasema, hicho wape wenye watoto. Yeye anataka kilichovunjika! Ona hii." Alifungua kifurushi. Ndani mlikuwa na gari la plastiki la urefu wa mkono, bila paa, bila magurudumu, limepakwa rangi tatu moja juu ya nyingine na mtoto fulani wa ng'ambo. "Amenilipa bei ya karanga. Mimi nilidhani anapelekea wajukuu."

"Hatuna wajukuu."

"Basi sijui," Nimo alisema, kicheko kikaisha usoni mwake.

Bilha alikuwa na ufunguo wa ziada. Mlango ulipofunguliwa Peris hakuangalia meza. Alitafuta kikombe cha pili. Alitafuta kitana, sindiria, kandambili ndogo. Aliinua godoro. Kulikuwa na kikombe kimoja, sahani moja na Biblia. Ndipo akageuka kuelekea mezani.

Yalikuwa magari tisa yamepangwa mstari mmoja, marefu na ya chini, la kwanza jekundu kama pilipili, la pili rangi ya maziwa, la tatu jeusi linalong'aa hadi akajiona ndani yake. Pembeni, kwenye mkebe wa siagi uliojaa mafuta ya breki, mlango mdogo wa gari ulikuwa umelowekwa, rangi ya zamani ikijivua kama ngozi ya nyanya. Kulikuwa na vijiti vya meno, wembe uliovunjwa nusu, chupa nne za rangi ya kucha, na rundo la zile karatasi za sigara, kila moja imenyooshwa.

Alikuwa bado ameinama hapo Wabwile alipoingia. Alikuwa ametoka kazini saa ya chakula, bila chakula.

"Umefika lini?"

"Saa ya kuona."

"Umeona nini?"

"Mwanamke sijaona. Naona gari. Ni za nani?"

"Zangu."

"Za kuuza?"

"Nani atanunua?"

"Za mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Si ndiyo nakuuliza, mtoto gani!"

Bilha, huko nje, aliacha kuchambua omena. Wabwile alifunga mlango, akakaa kitandani na mikono katikati ya magoti. Kisha akanyoosha mkono akachukua lile jekundu, akamwekea mkewe kiganjani.

"Pole pole. Rangi bado mbichi. Hii ni Kadilaki ya mwaka wa hamsini na tisa, ya Amerika. Ilikuja vipande thelathini kwa mfuko, vingine vimepotea. Ona huku nyuma, waliiwekea mapezi kama ya samaki. Ati kwa nini? Gari haiogelei."

Peris hakucheka.

"Na hii karatasi ya sigara?"

"Naokota kwa wapakiaji. Gari zao zilikuwa na chuma ya kung'aa kwa dirisha. Nakata ukanda kama uzi, nasugua na kijiti mpaka inashika. Na huu mlingoti wa redio ni plastiki tu, nimepasha kwa mshumaa nikavuta. Ukivuta haraka inakatika. Ukichelewa inapinda." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Peris hakuwahi kumsikia akizungumza hivyo hata alipokuwa akimchumbia. "Ghalani naandika gunia mia zimeingia. Zinatoka mia. Kesho naandika tena mia. Hakuna hata siku moja nimesema, hii kitu ilikuwa imeharibika na mimi nikaiweka sawa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema aje? Mtu wa miaka hamsini na moja, shemasi, ako kwa chumba na gari ya watoto?"

Peris alimpa barua ya Mukhisa. Wabwile aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri kama zile karatasi zake.

"Wanasema ni mwanamke?"

"Na kijana."

"Basi wacha iwe mwanamke."

"Unasemaje?"

"Mama Viola, nisikie. Kizito alipatikana na mwanamke mara mbili. Akalia mbele ya kanisa, wakamwombea, leo ni mweka hazina. Mambo ya mwanamke wanajua kusamehe. Hii hawana maombi yake. Hii watacheka mpaka nizikwe."

"Na mimi?" Peris alisimama. "Wewe utaombewa, na mimi nitaitwa nani? Yule ambaye bwana yake alienda kutafuta kijana nje. Wasichana wangu watalala wakisikiza kengele, wakingoja ndugu yao aje kudai shamba. Hiyo uliiwaza?"

Hakuwa ameiwaza. Ilionekana usoni.

"Naomba," alisema. "Usiwaambie."

Peris hakuahidi. Alilifunga lile gari jekundu ndani ya leso yake ya pili. Wabwile hakuuliza linapelekwa wapi. Alisema tu, "Ishike kwa chini. Juu haijakauka."

*

Ofisi ya kanisa ilikuwa na benchi mbili na meza. Upande mmoja walikaa wazee watatu, Mukhisa katikati, mwalimu mstaafu ambaye hadi leo alikohoa kabla ya kuzungumza ili darasa linyamaze. Edinah alikaa pembeni na daftari. Hakumtazama Peris.

Mukhisa alikohoa. "Shemasi, tumesikia mambo ya Kitale. Hatutaki kukuvunja. Ukisema mwenyewe, itakuwa rahisi."

Wabwile aliinamisha kichwa. Shati lilikuwa limemshika mgongoni. "Nimekosa, wazee," alianza. "Kule Kitale kuna mwanamke..."

Peris alifungua leso akaliweka gari mezani.

"Hakuna mwanamke. Kuna hii. Anazitengeneza. Zinakuja zimevunjika, anaunga na gamu, anapaka rangi ya kucha, anaweka karatasi ya sigara kwa dirisha. Nimeenda, nimeona kwa macho yangu, ziko tisa. Nimeinua mpaka godoro."

Mzee wa kushoto alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yakitikisika. Mukhisa hakucheka. Alilichukua gari, akaligeuza, akapuliza magurudumu, akatazama ndani ambako usukani mdogo ulikuwa umewekwa mahali pake.

"Imefanywa vizuri," alisema. "Vizuri sana. Mtu hawezi kufanya kazi kama hii bila mwenye kuipokea. Ni ya mtoto wa nani?"

"Hakuna mtoto!"

"Mama, bwana yako ametamka sasa hivi kwamba kuna mwanamke. Edinah, umeandika?"

"Nimeandika," Edinah alisema kwa sauti ndogo.

"Alikuwa anadanganya," Peris alisema.

"Shemasi anadanganya ndani ya kanisa?"

Hapo Wabwile aliinua kichwa. Masikio yake yalikuwa yameiva kama rangi ya lile gari.

"Ni yangu," alisema. "Zote ni zangu. Ni... ni mimi nazo. Nazipenda."

Sasa wazee wawili walicheka waziwazi, hata mmoja akafuta machozi. "Wabwile, bana! Na unazipigia honi?" Mukhisa alingoja watulie.

"Mtu mzima akikubali kuchekwa namna hii," alisema polepole, "jueni kile anachoficha ni kikubwa zaidi. Utaweka kikapu chini, Wabwile. Kizito atakishika. Agosti ikipita tutakuita. Kama kuna kijana, Agosti hawezi kujificha."

*

Walitembea kurudi nyumbani, Wabwile mbele, Peris nyuma na leso. Karibu na kisima Wabwile akasema bila kugeuka, "Ungeniacha, saa hii ningekuwa nimeombewa."

"Umesema uongo wakakuamini. Umesema ukweli wakacheka. Sasa kilichobaki ni waone kwa macho yao. Ijumaa ukuje nazo zote, na mikebe yako."

"Nyumbani?"

"Nje. Hapo mbele, barabara ikiona."

"Peris." Hakuwa amemwita hivyo tangu Viola azaliwe.

"Wewe ulitaka nibebe aibu ambayo haiko. Basi tubebe hii iko."

Jumamosi alitoa meza ya sebuleni akaiweka barazani, kisha akaweka kigoda chake mlangoni, akaanza kutoa maharagwe kwenye maganda. Hakukuwa na nafasi ya mtu kupita kuingia ndani. Wabwile alikaa. Alipanga magari yake, akatoa lile lisilo na paa, akachovya mlango kwenye mafuta ya breki.

Habari ilienda haraka. Waendesha baiskeli waliokuwa wakipeleka abiria walipunguza mwendo. "Shemasi! Nipeleke Chwele na hiyo nyeusi!" "Weka mafuta kwanza!" Mwanamke aliyebeba ndizi alisimama, akaita mwenzake, wakasimama wawili. Watoto walijaa kwenye ua. Mara mbili Wabwile aliinuka na kuutazama mlango, na mara mbili Peris akaendelea na maharagwe yake. Alirudi akakaa. Kufikia saa nane alikuwa ameacha kuutazama mlango. Aliwasha mshumaa, akapasha kijiti cha plastiki, akakivuta kikawa uzi, na watoto wakasema "Yooo!" kwa pamoja.

Mukhisa alifika saa tisa, akisukuma baiskeli. Alisema alikuwa anapita tu, ingawa barabara ile haikuwa ya kwenda kwake. Aliegemeza baiskeli, akasimama nyuma ya Wabwile, mikono mgongoni kama anayesimamia mtihani.

"Hiyo unafanya nini?"

"Paa, mwalimu. Halina paa. Nakata ya chupa ya maji."

"Na ikiisha?"

"Naanza ingine."

"Hii sasa, ikiisha, inaenda kwa nani?"

"Haiendi kwa mtu."

"Mtu atakuja kuichukua?"

"Hakuna."

Mukhisa alikohoa. Aliangalia meza, akaangalia lango, akaangalia saa yake. Hakuaga. Jua lilisogea, watoto wakaitwa makwao mmoja mmoja, wale wa ndizi wakaondoka wamechoka kucheka. Mzee alibaki amesimama palepale, akihama kutoka mguu huu hadi ule.

Peris aliweka ungo chini. Aliingia ndani akatoka na kiti cha wageni, akakipangusa kwa leso.

"Kaa, mwalimu," alisema. "Utangoja sana."

Akamletea na chai. Mukhisa alikaa, kikombe mkononi, uso kuelekea barabarani. Wabwile alikuwa amekwisha kumsahau. Alikuwa akisugua karatasi ya sigara kwenye dirisha, ulimi ukichungulia pembeni ya mdomo. Peris alirudi kwenye kigoda chake. Alikuwa ameona chumba, alikuwa ameinua godoro, alikuwa amehesabu vikombe. Lakini kila baiskeli ilipopunguza mwendo karibu na lango, hakuwa Mukhisa peke yake aliyeinua macho.